Saa Sita Zilizopotea Angani

Mafuta ya ndege yananuka kama mafuta ya taa. Wanaosafiri mara kwa mara huenda hawaisikii tena harufu hiyo. Mimi kila nikisimama nje ya uwanja wa ndege wa Mwanza, injini ikawashwa na upepo wa ziwa ukaileta hadi kwenye uzio, hujikuta nimerudi katika boma la bibi yangu, nikiwa na umri wa kuingia darasa la tano. Miezi michache iliyopita nilimsindikiza pale binti yangu mkubwa, aliyekuwa anakwenda kusoma ng'ambo. Tulipokuwa tukisubiri muda wake wa kuingia ndani nilimwuliza safari itachukua muda gani. Hakupoteza muda kufikiri. Aliandika majina ya viwanja viwili kwenye simu yake, kisha akanigeuzia kioo. Palikuwa na mstari mmoja mwembamba uliopinda juu ya bahari, idadi ya kilomita, na chini yake muda wa kuruka, saa na dakika, umeandikwa kwa uhakika kama bei dukani.

"Ni hivyo tu, mama," alisema. "Si mbali."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu maneno hayo, lakini foleni ilianza kusogea. Aliniinamia, tukaagana, akaingia. Nilibaki kwenye uzio na harufu ile, nikiwaza jinsi mtu mwingine alivyowahi kutamka maneno kama hayo mbele yangu, kwa nia njema kabisa, na jinsi yalivyomgharimu.

Kwetu ni kijiji cha upande wa Segese. Watu walilima mpunga na pamba na kuchunga ng'ombe kabla mgodi mkubwa haujaanza kuchimbwa karibu yao, na hata ulipoanza waliendelea kulima na kuchunga. Boma la bibi lilizungushiwa minyaa, ile mimea isiyo na majani ambayo ukiivunja hutoa maziwa yanayochoma macho. Mimi nilipewa jina lake, Kabula. Kwa sababu hiyo baba hakuniita mwanangu hata siku moja. Aliniita mayu, yaani mama, na nilikua nikiona ni jambo la kawaida kabisa kuitwa mama na mtu aliyenizidi urefu mara mbili, na ambaye nikivunja chungu alinichapa.

Baba yangu, Masanja, alikuwa fundi wa mitambo mgodini. Mwaka ule walimchagua aende Australia kwa mwaka mmoja kujifunza mashine mpya za chini ya ardhi. Majirani walijua kabla ya bibi. Baba alikuwa kifungua mimba wake, na kifungua mimba hatoki nyumbani kwenda mbali bila mama yake kuridhia, kwa hiyo aliahirisha kumwambia hadi siku chache kabla ya kuondoka. Nakumbuka bibi alikuwa ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe, akianua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, na baba alichuchumaa mbele yake kama mtoto aliyetumwa.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza swali moja tu.

"Njiani utalala wapi?"

Msomaji wa rika langu aliyelelewa vijijini atalielewa swali hilo bila kuelezwa. Hakuna aliyepima safari kwa kilomita. Umbali ulipimwa kwa kulala. Kahama ulikwenda na kurudi siku hiyohiyo, kwa hiyo Kahama haikuwa safari. Dar es Salaam kwa treni ulilala mara mbili. Bibi mwenyewe, alipokuja kuolewa akitokea Bukombe, alitembea kwa miguu na kulala njiani mara mbili, na hadi uzee wake aliweza kutaja majina ya wenyeji waliompokea kila usiku na chakula walichompa. Mahali ulipolala ndipo palipothibitisha kwamba ulisafiri. Msafiri asiye na mahali pa kulala alikuwa ama mwongo ama mzimu.

"Silali, mama," baba alijibu. "Ndege haisimami. Kwenda inaruka kwa saa tisa tu. Kurudi saa kumi na moja."

"Mbona kurudi ni nyingi zaidi? Njia si ileile?"

"Ni upepo. Ukienda unakusukuma mgongoni. Ukirudi unakupiga usoni."

"Kama baiskeli ya kutoka mnadani," bibi alisema, na wote wawili wakacheka. Kisha alitikisa ungo, akapuliza vumbi la michembe. "Sasa mbona unaniaga kama unakwenda kufa? Dar ndiyo mbali. Huko hata hulali. Ni kwa jirani."

"Ndiyo, mama. Ni karibu kuliko Dar."

"Nikikuita asubuhi?"

"Ukiniita, sitalala njiani."

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi, na sijawahi kupata ndani yake uongo. Saa zile baba alikuwa ameambiwa ofisini, na zilikuwa za kweli. Zilikuwa saa za kuruka baina ya viwanja viwili tu, Johannesburg ya Afrika Kusini na Perth ya Australia. Hakumwambia mama yake juu ya barabara ya kufikia kiwanja cha kwanza wala ile inayoanzia kiwanja cha mwisho, juu ya kusubiri, kubadilisha ndege, viti vilivyojaa. Alichagua kipande cha njia kilichoweza kumtuliza mama mzee, akamkabidhi kipande hicho kama ndiyo njia nzima. Nadhani kila anayeondoka nyumbani hufanya hivyo.

Na mimi niliamini kuliko bibi. Ukutani mwa darasa letu palikuwa na ramani ya dunia iliyochanika pembeni. Nilichukua unyasi nikaulaza kutoka kwetu hadi Australia, na unyasi ukapita juu ya rangi ya bluu tupu. Niliona wazi kwa nini ni karibu. Kutoka kwetu hadi Dar ramani ilijaa rangi ya kahawia, milima, mito, majina. Kwenye bluu hapakuwa na korongo hata moja, wala mchanga wa kunasa gari, wala mahali pa kusubiri kivuko. Kitu gani kingekuzuia? Ndege ndogo ya mgodini ilipopita juu ya boma letu ikitua au kuondoka na dhahabu, nilisimama uani na kuitazama bila huzuni yoyote, kama mtu anayeona gari la baba yake likipita barabarani na kujua kwamba jioni litarudi.

Bibi aliugua kipindi cha jua kali, kabla ya mvua. Hakuugua muda mrefu. Kifua kilimbana, akaacha kula, halafu akaacha kuongea Kiswahili na kubaki na Kisukuma peke yake. Alikata roho asubuhi, wakati ng'ombe wanafunguliwa, na kilio cha mama yangu kiliwafanya ng'ombe wenyewe wasimame mlangoni mwa zizi wasijue watoke au warudi.

Baba mdogo Shija, mdogo wake baba, alipanda baiskeli mbio hadi ofisi ya mgodi. Huko walikuwa na simu iliyofika ng'ambo. Alirudi jasho likimtoka, akasema ujumbe umetumwa, na kwamba upande wa pili wameahidi kumwambia baba siku hiyohiyo. Jioni akaja babu Maige, kaka yake bibi, kutoka Bukombe. Alikuwa mzee mrefu, mwenye sauti ya chini, na kwa kuwa ndiye aliyebaki katika tumbo lao, msiba ulikuwa mikononi mwake.

"Tutasubiri," alisema. "Masanja mwenyewe alimwambia mama yake kwamba halali njiani. Kesho atakuwa hapa."

Katika ukoo wetu udongo wa kwanza kaburini huwekwa na kifungua mimba. Wengine wote hufuata baada yake. Ndiyo maana walisubiri. Kesho ilipita. Walimwaga maji kwenye mchanga wa chumba alikolazwa bibi ili pabaki na ubaridi, na wanawake walipokezana kupunga kwa matawi ya mwarobaini. Sisi watoto hatukuambiwa kitu, lakini tuliona watu wazima wakitoka mle ndani na kutema mate mbali. Siku ya tatu, jua lilipokuwa kichwani, babu Maige aliinuka kwenye gogo alilokalia.

"Tunamtesa," alisema.

"Mjomba, tumpe usiku mmoja," Shija alimwomba. "Mmoja tu. Mimi siwezi kuchukua nafasi ya kaka."

"Tulishampa usiku miwili. Yeye alisema hahitaji hata mmoja."

Shija ndiye aliyeanza udongo. Aliuchota, akageuka kutazama barabara ya Segese, akakaa hivyo hadi mtu mmoja akakohoa. Kisha akafungua vidole. Alfajiri iliyofuata tulinyolewa wote, wakubwa kwa wadogo, na nywele zetu zikachomwa nje ya minyaa.

Baba alifika mchana wa siku hiyo, juu ya lori lililotoka Geita. Niliona koti kwanza, koti zito la rangi ya kijivu katika joto lile, halafu nikamwona yeye. Nilikimbia. Nilisahau kwamba kuna msiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu."

Alinishika kichwa kama alivyozoea, na kiganja chake kikasimama pale kwenye ngozi tupu. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno, lakini kiganja kilielewa kabla yake kwamba mazishi yameshapita. Akakaa chini barabarani, na mimi nikaanguka pamoja naye, uso wangu kwenye koti. Likaninukia mafuta ya taa. Nakumbuka nilivyoshangaa. Niliona kwamba baba ametoka kwenye nyumba ya mtu, nyumba yenye koroboi, na kwamba alikaa humo muda mrefu kiasi cha harufu kuingia ndani ya nguo.

Sasa lazima nieleze desturi ambayo sijaiona kwa wengine. Kwetu, mwana anayefika baada ya mazishi haonyeshwi kaburi moja kwa moja. Huketishwa, hupewa maji, kisha huulizwa njia. Ataeleza alipokuwa habari ilipomkuta, na kila hatua tangu hapo, na kila mahali alipolala. Wazee huitikia hatua kwa hatua. Wakiridhika husema kwamba njia imesikika, na hapo huruhusiwa kwenda kaburini na kuongeza udongo wake juu ya ule wa wengine. Njia isiposikika ataliona kaburi, lakini udongo hagusi, si siku hiyo wala siku nyingine. Nia ya desturi hiyo si kumwadhibu mtu. Wanataka kuweza kusema, kuhusu kila saa ya kuchelewa kwake, kwamba saa hiyo alikuwa anamwendea mama yake.

Aliyebeba jina la marehemu huketi kando ya anayeulizwa. Anasikiliza kwa niaba ya aliyelala, na kwa kuwa aliyelala hasemi, naye hasemi. Ndivyo nilivyowekwa kwenye mkeka, mkono wangu ndani ya mkono wa baba, mbele ya wanaume wote wa ukoo.

"Tueleze njia, Masanja," babu Maige alianza. "Habari ilikukuta wapi?"

"Ilinikuta mgodini, mjomba, jangwani. Nilikuwa chini, zamu ya mchana. Nilipopanda nikaambiwa."

"Ehe."

"Asubuhi yake nikapata gari la kunipeleka Perth. Ni mji wenye uwanja wa ndege. Tulikwenda kutwa nzima."

"Ehe. Ukalala Perth."

"Sikulala. Ndege iliondoka usiku uleule, saa saba."

"Vizuri. Ikaja Dar."

"Hapana, mjomba. Ilikwenda Johannesburg. Afrika Kusini."

Wazee walitazamana. Mmoja wao, mwenye shuka begani, alisogea mbele. "Kusini kufanya nini?"

"Hakuna ndege ya kutoka kule moja kwa moja kuja kwetu. Lazima upitie."

"Yaani mtu atoke Kahama kuja hapa Segese, tena amefiwa, apitie Tabora?"

Kicheko kidogo kilipita, kile cha msibani kinachoishia kwenye kikohozi. Babu Maige hakucheka. Alinyoosha mkono kuwatuliza.

"Mwacheni. Wenye ndege wana njia zao. Johannesburg ulifika wakati gani?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Jua linachomoza."

"Na angani ulikaa muda gani?"

"Ni ule niliomwambia mama. Saa kumi na moja."

Babu Maige aliinua mkono wake wa kushoto na kuanza kukunja vidole, kimoja kimoja, bila haraka. Na mimi, ndani ya kiganja cha baba, nikaanza kukunja vyangu. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Vidole viliisha. Sijui kama baba alinihisi, ila mkono wake uliacha kunibana.

"Hizo ni saa tano," babu Maige alisema. "Zimebaki sita. Saa sita ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa angani, mjomba. Kule saa zao ziko mbele ya zetu."

"Saa za watu zina mbele na nyuma?"

"Jua linawafikia wao kwanza. Huku kukiwa asubuhi, kwao ni mchana."

"Dada yangu alikata roho tunafungua ng'ombe. Kwa hesabu yako, kwenu alikufa mchana."

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa hiyo alikufa mara mbili?"

"Alikufa mara moja."

"Wakati gani?"

Tangu siku hiyo nimewaona watu wengi wakikosa jibu, darasani, kwenye usaili, hospitalini, lakini sijamwona mwingine akilikosa jibu analolijua. Baba aliokota kijiti, akachora duara kwenye vumbi mbele ya mkeka, akaweka alama upande huu na alama upande ule. Alisema hii ndiyo dunia na hapa kuna jua. Mwenye shuka aliuliza kwa sauti ya utani kama huko kwenye alama ya pili watu wanatembea kichwa chini, na baba, kwa kuchoka, akasema ndiyo, kwa namna fulani. Lilikuwa jibu baya kuliko yote.

"Masanja," babu Maige alisema. "Mimi sitaki kukugombeza. Nataka kukuamini. Nipe mahali pa kukuweka hizo saa sita. Sema ulilala, uchovu ulikuzidi. Sema ulipita kwa mtu. Hata ukisema ulikunywa pombe, nitamwambia dada yangu kwamba mwanawe alikunywa kwa uchungu. Lakini usiniambie hukuwa popote."

"Siwezi kusema nililala, mjomba. Nilimwahidi kwamba sitalala."

"Basi endelea."

Aliendelea. Alieleza ndege ya kuja Dar, na jinsi ya Mwanza ilivyokuwa imeondoka, akakesha kwenye benchi hadi asubuhi. Alieleza foleni ya kivuko cha Busisi, na hapo kwa mara ya kwanza wazee waliitikia kwa sauti ya kuridhika, kwa sababu Busisi walikujua, na kila mmoja alikuwa na siku yake iliyokufa pale akitazama maji. Kama njia yote ingekuwa Busisi tupu, baba angesikika. Lakini saa zile sita zilibaki zimekaa katikati yetu kama mtu asiyealikwa, na kila mmoja mkekani alikuwa anazijaza kwa alichokijua. Kuna aliyeona mwanamke Dar. Kuna aliyeona kazi ambayo baba hakutaka kuiacha. Mimi niliona chumba chenye koroboi, baba ameketi na watu nisiowajua, wanampa chakula, naye anakula taratibu huku bibi akipungiwa matawi ya mwarobaini.

Niliishi na chumba hicho kwa miaka. Nilimpenda baba, na nilimwogopa kidogo, kama unavyomwogopa mtu mwenye mlango usiojua unaelekea wapi. Alipomaliza mwaka wake Australia hakurudi kuishi kijijini. Alipanga nyumba Kambarage, mjini Shinyanga, akatuhamishia huko, na kwenye vikao vya ukoo Shija ndiye aliyeketi kwenye nafasi yake, akiinamisha macho kila baba alipoingia. Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa jiografia alipochora ubaoni duara, akaligawa kwa mistari ya kusimama, akatufundisha kwamba kila nyuzi kumi na tano za longitudo ni saa moja. Alitupa zoezi. Nilichagua miji yangu mwenyewe. Nilihesabu mistari kutoka Perth hadi Johannesburg, nikahesabu tena. Wenzangu walikuwa wameshafunga madaftari na kutoka kwenda kunywa uji, na mimi bado nimeketi.

Jioni nilimkuta baba uani akifua ovaroli yake, nikamwambia nimezipata zile saa sita. Hakuuliza saa zipi.

"Nilizijua siku ileile," alisema.

"Kwa nini hukuwaeleza vizuri?"

"Nilieleza, mayu. Ulikuwepo." Alikamua nguo hadi tone la mwisho. "Mjomba hakukosea hesabu. Kwa jua analoliona yeye, alihesabu sawasawa."

Nilitaka twende Bukombe kesho yake, niende na daftari langu, nimchoree babu Maige mistari. Baba aliniambia mzee haoni tena vizuri, na kwamba hata akiona, mbele yake yupo dada yake tu, na swali lake ni moja. Sikwenda. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundishwa mengi kuhusu namna watu wanavyopima dunia, na bado sioni ningemwambia nini mzee yule ambacho kingefungua kile kilichokwisha kufungwa.

Kwa maana siku ile, kwenye mkeka, babu Maige alimsikiliza baba hadi mwisho. Vumbi lenye duara lilikuwa mbele yao. Mwishoni alijifuta macho kwa kiganja na kusema, si kwa hasira, "Njia hii sikuisikia." Wazee walirudia mmoja baada ya mwingine, kila mtu kwa sauti yake, na wengine walisema wakiwa wametazama pembeni. Mimi niliyesikiliza kwa niaba ya bibi sikuulizwa kitu.

Tulikwenda kaburini watatu, baba, Shija na mimi. Lilikuwa nyuma ya zizi, udongo mwekundu bado laini, nyayo za watu zikionekana pembezoni. Baba alisimama na koti lake, jasho likimchuruzika shingoni. Halafu alichuchumaa, na kabla yeyote hajasema neno mkono wake ulishachota udongo kutoka kwenye rundo dogo lililobaki kando.

"Kaka," Shija alisema. Alisema hivyo tu, kwa sauti ya chini sana.

Baba alibaki vilevile, ngumi mbele, udongo ukimtiririka katikati ya vidole. Nilisubiri amkatalie. Kaburi lilikuwa hatua moja tu mbele yake, na sisi wengine tulikuwa mdogo wake na mtoto. Aliutazama ule mkono kama mkono wa mtu mwingine. Kisha aliurudisha udongo pale pale alipouchota, akasawazisha kwa kiganja mpaka hapakuonekana kwamba umeguswa.